Sahani Zinazojifunga

Mlishi, mashine ya kulisha watoto, alikuwa na mikono minane na hakuwahi kumwaga uji. Alizunguka meza za chekechea ya Mnara wa Pili, jijini Karatu, akimpimia kila mtoto chakula kulingana na damu yake, iliyosomwa na bangili ya mkononi. Kila sahani ilikuwa na kifuniko cha kioo kilichomtambua mwenyewe. Mkono wa mwingine ukikaribia, kap! kinajifunga. Ugomvi wa mezani ulikuwa umekwisha, na Mwalimu Paskalina Tluway alijivunia hilo, maana vifuniko vilikuwa wazo lake.

Kasoro ilikuwa moja: Sapo, mtoto wa Kihadzabe wa miaka minne.

"Uporaji," Mlishi alitangaza kwa sauti yake ya upole. "Sapo amepeleka tena mkono kwenye sahani ya Neema. Napendekeza ahamishiwe kitengo cha marekebisho Jumatatu."

Mama yake, Abeya, fundi wa mitambo ya kuvuna umande, alikuja mbio na ovaroli yake, hata kofia hajavua.

"Mwanangu mwizi?"

"Hakuna aliyesema mwizi, Mama Sapo."

"Mashine imesema. Wewe je?"

Paskalina alimwonyesha ukuta: upinde, shanga, picha za warina asali. "Utamaduni wenu tunauheshimu. Nimeusomea, nina cheti."

"Upinde mmeutundika, mtoto mmemfungia sahani." Abeya alicheka, cheko kavu. "Kwetu chakula ni cha waliopo. Unachukua kwa mwenzako, naye anachukua kwako. Anayekula peke yake wenzake wakimtazama, huyo ndiye wa kuonewa aibu. Sasa niambie, mwalimu, Sapo anakula?"

"Anakula. Asingekula, Mlishi angeniambia."

"Muulize."

Paskalina akauliza.

"Sapo huisukuma sahani yake katikati ya meza na kusubiri," Mlishi alijibu. "Wenzake wakinyoosha mkono, kifuniko hujifunga. Baada ya hapo naye hali chochote. Nimeandika: ameshiba."

"Na uzito wake?" mwalimu aliuliza.

"Unashuka kila wiki. Hukuniagiza kutangaza uzito, Mwalimu. Uliniagiza kutangaza ugomvi."

Paskalina alihisi uso unamwaka moto. Lakini watoto walikuwa mezani, na kujilaumu hakujazi tumbo la mtoto.

"Mlishi, fungua vifuniko vyote."

"Ugomvi utaongezeka."

"Ukiongezeka nitaamua mimi. Ndiyo kazi yangu. Na karanga usilete tena, zinamdhuru Joeli, naye sasa ataonja kila sahani. Kuanzia leo meza nzima inakula anachoweza kula kila mtoto."

Akachukua sahani yake, akajibana kwenye kiti cha kitoto kando ya Sapo. Mtoto alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, alikwisha kujifunza. Paskalina akanyoosha mkono, akachukua kipande cha kiazi kwenye sahani ya Sapo, bila kuomba, akakitia mdomoni.

Sapo alikitazama kifuniko. Hakikujifunga. Akamtazama mwalimu akitafuna. Kisha akachomoa mkono mmoja, akaupeleka polepole kwenye sahani ya Paskalina, akachagua mnofu mkubwa kuliko yote.

"Na mimi!" Neema akadakia, mkono tayari njiani.

"Uporaji," Mlishi alianza. "Wawili. Watatu. Mwalimu, niandike nini?"

"Andika wanakula," Paskalina alisema, mdomo umejaa.