Supu ya Jioni

Siku Renata Pawlak alipomwagiwa mchuzi wa nyama kifuani, ukumbi wa kutafutia ajira ulikuwa umefurika. Ungedhani wanafunzi wote wa biashara wa mji wa Toledo wamekusanyika pale, wamebanwa na suti za kuazima, wakinuka manukato na jasho la woga. Renata alivaa blauzi nyeupe ya hariri. Kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya ngano akageuka ghafla na mkate wake wa soseji, na mchuzi wote ukaishia kwenye blauzi.

"Usinipige," kijana akasema. "Mama yangu bado ananihitaji."

"Sikupigi. Nimechefukwa tu. Nani anakula soseji mahali kama hapa?"

"Aliyeshindwa kunywa chai asubuhi kwa hofu, dada."

Akavua koti lake la buluu, akamvika na kumfunga vifungo mpaka shingoni, kisha yeye mwenyewe akaenda kuonana na waajiri na shati lililokunjamana. Jina lake Colby Hartzell. Renata alipata nafasi ya mafunzo benki. Colby hakupata kitu. Renata alipoenda kumrudishia koti, Colby alimwomba akae nalo siku chache zaidi, lipate kunukia vizuri. Renata akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Walipendana majira yote ya baridi. Colby alikuwa na tabia ya kumpigia simu akiwa chumba cha pili, kumuuliza kama amemkumbuka, na Renata alijibu kwamba hamjui, huenda amekosea namba. Jumamosi walitembea kando ya mto Maumee wakitazama barafu, mikono yote miwili ndani ya mfuko mmoja.

Ni Colby peke yake aliyesimuliwa habari za Busia. Ndivyo Renata alivyomwita, kwa Kipolandi, bibi yake, mama wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na sasa aliishi katika nyumba ya wazee mashariki ya mto. Renata alimsimulia akilia, kichwa kifuani pake: Busia anazikumbuka nyimbo za Kipolandi za utotoni, lakini hajui kama amekula. Ukimwambia ameshashiba, anaamini, na tena anakushukuru. Colby alimbusu utosini.

Barafu ilipoyeyuka, chuo kikaandaa shindano. Kampuni moja yenye nyumba za wazee ilitaka kuonyeshwa namna ya kupunguza gharama, na iliahidi kuwaajiri washindi. Colby na Renata wakaunda timu. Renata alishika hesabu. Colby, ambaye ndiye angetangulia kuzungumza, alimletea takwimu tu, zimeandikwa "huduma za jioni". Hesabu zilikaa vizuri mno. Renata alimpigia Colby kujigamba kwamba akimkosa yeye, atakuwa amekosa akili ya maisha yake.

Siku ya shindano Colby alisimama mbele ya majaji katika suti ya kijivu, na tai nyekundu aliyochaguliwa na mpenzi wake.

"Mzigo mkubwa ni chakula cha jioni," alisema kwa sauti yake ya kubembeleza. "Kiwe kikombe kimoja cha supu. Wengi wao hawakumbuki kama wamekula. Mhudumu akimwambia mzee ameshashiba, ataamini. Tena atamshukuru."

Majaji wakacheka kicheko cha chini, kicheko cha watu waliokwisha kukubali. Maneno yale yalikuwa ya Renata. Na hesabu iliyokuwa ikimulika ukutani, nyuma ya Colby, nayo ilikuwa yake. Aliipenda, aliionea fahari. Zamu yake ya kuzungumza ikafika.

"Huyo mzee anayeshukuru ni bibi yangu," alisema. "Sina la kuongeza."

Akatoka, na hata kona ya kwanza hakuifikia. Akatapika kwenye pipa la taka, watu wakipita.

Simu za Colby ziliita wiki nzima. Hatimaye akapokea moja.

"Rena, mpenzi, nisikilize. Sikumtaja jina."

"Hukumtaja."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Renata akakata.

Baadaye akasikia kwamba kampuni ilimwajiri Colby hata hivyo. Jumapili iliyofuata, jioni, Renata akiwa amekaa na Busia katika chumba cha kulia cha wazee, kwenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na kabichi iliyochemshwa kupita kiasi, Colby akaingia na maua na kijiboksi cha pete. Akamsalimu Busia kwa heshima zote. Akaeleza kwamba mshahara ni mzuri, kwamba Busia atahamishiwa nyumba yenye bustani.

"Nataka nikuoe, Rena. Niambie nifanye nini unisamehe."

Mzee wa kiti cha pili alikuwa ameshaondolewa, na bakuli lake lilibaki: supu iliyopoa, mafuta yameganda juu, kipande cha karoti kilichotafunwa kikarudishwa. Renata akalisogeza mbele ya Colby.

"Kula."

Colby akacheka, kisha akaona si mzaha. Akashika kijiko. Akala yote, na karoti ile ile, macho yakiwa kwa Renata, bila kukunja uso, akitabasamu kama mtu anayefunga biashara. Laiti angetema. Laiti angelisukuma bakuli na kusema hiki hakiliki, pengine Renata angemkumbatia pale pale.

"Ikoje?" Renata akauliza.

"Si mbaya," Colby akasema, akijifuta midomo.

Renata akafunga kijiboksi, akamrudishia mkononi. Alimwomba asimpigie simu tena. Colby alikaa kidogo, kama anayesubiri bei ishuke, kisha akaondoka. Renata alimfuata kwa macho dirishani mpaka gari lilipopinda.

"Unalia?" Busia akamuuliza.

"Ndiyo, Busia."

"Kwa ajili ya kijana yule? Mzuri wa sura."

"Bado nampenda," Renata akasema, na maneno yenyewe yakamtia kichefuchefu.