Mama Manjano Hajafa

Mama Manjano alianza siku kwa kugomba. Aligomba na mkanda wa mashine. Aligomba na paka aliyelala juu ya gunia. Aligomba hata na magoti yake, yaliyomuuma kila alipoinama. Majirani walisema, mama huyu akinyamaza, ujue anaumwa.

Kazi yake ilikuwa kusaga na kuuza manjano. Mashine ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na vyumba vya uani vilikuwa na wapangaji. Kuchekecha unga ilikuwa kazi ya kitinda mimba wake, aliyeitwa Mrembo. Mrembo alikuwa mtu mzima kwa umri, lakini akili yake ilibaki ya mtoto. Unga aliouchekecha ulikuwa laini kuliko wa yeyote. Ila ungemwomba viatu vyake, angevua akakupa, kisha akakushukuru.

"Nikifumba macho, huyu nitamwachia nani?" Mama Manjano alijiuliza mara nyingi. Lakini mtu mwingine akiuliza hivyo, alimwakia. "Mnanichuria? Bado napumua!"

Mwanawe wa kwanza alikuwa dalali wa nyumba. Siku moja alimletea kopo la vidonge.

"Mama, haya ni manjano yaliyokamuliwa nguvu zote," alisema. "Yanatibu magoti, sukari, presha, kila kitu. Achana na dawa za hospitali."

Wakati huo Mama Manjano alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu aliwahi kupata donge la damu mguuni. Dawa hiyo hakuiacha. Lakini vidonge vya mwanawe alivimeza pia, asubuhi na jioni. Manjano ameyala tangu hana meno. Yangemdhuru nini?

Haukupita muda mrefu, alikuwa akimpimia mteja unga, damu ikamtoka puani. Akabana pua. Damu haikukata. Ikalowesha kitambaa, ikachuruzika hadi kwenye mizani. Mrembo alipiga mayowe mpaka wapangaji wakatoka mbio.

Hospitalini damu ilizuiwa kwa taabu, na mama akalazwa. Muuguzi akauliza ametumia dawa gani. Mwanawe wa pili, binti fundi cherehani, akatoa lile kopo kwenye mkoba.

"Mama, hivi vidonge hukutuambia," muuguzi alisema.

"Nitangaze kwamba nakula manjano?" Mama Manjano aling'aka, pua imejaa pamba. "Nimeyauza maisha yangu yote. Leo unaniambia yanaua?"

"Sijasema hivyo. Manjano ya kwenye mchuzi ni chakula kizuri. Endelea nayo. Wapo wenye maumivu ya magoti waliopata nafuu kidogo, na wataalamu bado wanachunguza. Lakini hayatibu kila kitu. Na kidonge kimoja cha hivi kina nguvu ya manjano mengi yaliyokusanywa pamoja. Kinaweza kuifanya damu iwe nyepesi. Dawa yako nayo inazuia damu isigande. Vikikutana, damu haikomi. Vidonge vya namna hii vimewahi kuumiza hata maini ya watu."

"Mwanangu alisema niache dawa za hospitali."

"Ungeziacha, donge lingeweza kurudi na kukuua. Usiache dawa, wala usiongeze nyingine, bila kutuuliza. Hata kama ni ya miti shamba. Hata kama umeletewa na mwanao."

Mama Manjano alilisukuma kopo pembeni. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, hasira ikajua. Mrembo alikuwa amekaa kibarazani na furushi la nguo mapajani.

"Kaka kasema nihame," Mrembo alisema. "Kaja na baba mmoja. Wamepima vyumba. Kaka kasema nitakaa kwake, jikoni."

Mama Manjano hakuingia hata ndani. Alimwita dalali hapo hapo.

"Nilikuwa naulizia bei tu, mama," dalali alijitetea. "Hali yako ilikuwa—"

"Ilikuwa nini? Malizia! Nimelala kitandani natoka damu kwa vidonge vyako, wewe unapimisha nyumba yangu! Umenizika bila sanda?"

"Kwani ukiondoka, nani atamlea Mrembo kama si mimi?"

"Jikoni? Toka!"

Akatoka. Jirani mmoja alitaka kuamua ugomvi. Akaona macho ya mama, akakumbuka ana nguo za kuanua.

Kesho yake Mama Manjano na fundi cherehani walikwenda kwa mwanasheria, mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Niandikie wosia," Mama Manjano aliamuru. "Nyumba yote apewe huyu binti. Yeye atamtunza Mrembo."

"Na huyu binti akitangulia yeye?" mwanasheria aliuliza. "Au akidaiwa, nyumba ikakamatwa?"

Fundi cherehani akafura. "Mimi nimwibie mdogo wangu?"

"Sijasema wewe mwizi, dada. Nasema moyo wako mzuri hauwezi kurithiwa. Ukimpa Mrembo nyumba mkononi, ataigawa. Ukimpa mtu mwingine, ni mali ya huyo mtu. Njia ya tatu ni udhamini."

"Ndiyo kitu gani?" Mama Manjano aliuliza.

"Unaikabidhi nyumba kwa wadhamini. Wanaishika, lakini si ya kwao kula. Hati inawaamuru: kodi ya wapangaji imlishe, imvishe na imtibu Mrembo, na aishi humo maisha yake yote. Hakuna mdhamini anayeuza peke yake. Mmoja akifa, anateuliwa mwingine. Akikiuka, anashtakiwa. Sheria za mirathi si sawa kila mahali wala kwa kila dini, ndiyo maana tunaandika pamoja, kwa makini."

"Mpaka nife?"

"Hapana. Unaanza sasa, na wewe mwenyewe ukiwa mdhamini wa kwanza."

Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, Mama Manjano aliegemea kiti. "Kumbe sheria inajua kwamba napumua," alisema.

Wadhamini wakawa Mama Manjano, fundi cherehani, na mdogo wake Mama Manjano, aliyekuwa mwalimu. Udhamini ukasajiliwa. Pale kliniki, muuguzi alipima damu yake na kuiona imekaa sawa. Mama aliendelea na dawa yake, na manjano akayabakiza kwenye sufuria ya mchuzi tu.

Dalali alirudi na yule mnunuzi, akidhani hasira imepoa. Mnunuzi akauliza mwenye nyumba ni nani.

"Wadhamini," Mama Manjano alijibu. "Watatu. Na mmoja wao ndiye mimi, na nimekataa."

Mnunuzi aliaga. Dalali akabaki amesimama kati ya magunia, macho chini.

"Kwa hiyo mama huniamini?"

"Nakupenda," Mama Manjano alisema, bado amekunja uso. "Kukuamini ni kazi, na utaifanya kwa jasho. Chukua chekecheo, mwenzio akufundishe."

Mrembo akasogea, akampisha kaka yake kwenye mkeka. "Taratibu," alimwambia. "Unamwaga."