Jina Ambalo Halikuwemo

Alhamisi, kama kawaida, Loise aliketi kwenye kompyuta ya dirishani peke yake. Wenzake waliketi wawili wawili. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu ahamie Voi kutoka Mghange, kwenye baridi ya vilima vya Taita, akiishi kwa shangazi yake katika mtaa wa Kaloleni, na hata joto alikuwa bado hajalizoea.

Mwalimu Silvanus alikuwa amekusanya insha fupi za darasa zima katika faili moja iliyofunguka kwenye kompyuta zote: “Mtu Aliyenisaidia”. Kila mwanafunzi aliandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, yenye swali moja: je, neno hili limo ndani ya maandishi? Programu ilijibu “Limo” au “Halimo”.

“Jina langu limo!” Badawy akapaza sauti. “Si niliwaambia mimi ni mtu wa watu?”

“Ni vile viazi karai ulivyotugawia,” Khamisa akamjibu. “Si wema wako!”

Darasa likacheka. Loise akaandika jina lake. Halimo. Akaliandika tena, herufi moja moja. Halimo.

Machozi yakamlenga. Akafungua faili, akaongeza mwishoni: “Loise alinisaidia sana.” Akaiendesha programu. Limo. Neno hilo halikumpa furaha yoyote. Alijua ni mkono gani uliolitia pale.

“Sasa tutasoma,” Mwalimu akatangaza. “Kila mmoja atasimama asome insha yake.”

Nani angesimama kuisoma sentensi ile? Loise akaenda mbele.

“Mwalimu,” akanong’ona, “sentensi ya mwisho niliitia mimi. Jina langu halikuwemo.”

Mwalimu hakumkaripia. Aliifuta, kisha akamwonyesha insha ya Khamisa: “Nilipotokwa na damu puani, yule mgeni alinipa leso yake, akakaa nami mpaka ikakatika. Simjui jina.”

Loise akaduwaa. Siku zote walimwita mgeni, naye hakuwahi kuwaambia vingine.

“Mwanangu, kompyuta hulinganisha herufi tu,” Mwalimu akasema kwa upole. “Haijui nani anathaminiwa, wala haijui lililo kweli. Kulinda ukweli ni kazi ya anayeandika, nawe umeifanya ulipokuja hapa. Lakini usikae pembeni ukingoja kutajwa. Nenda ukajitambulishe.”

Loise akaliendea benchi la Khamisa. “Naitwa Loise.”

“Kumbe ndilo jina la mgeni wa leso!” Khamisa akasema. “Keti hapa, Loise. Badawy, hebu sogea, umejaa benchi zima kama gunia!”