Nilimshikia Gazeti, Akaiua Meza ya Mama Yangu

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Babati. Nina aibu mno... Mambo yangu huwa najiandikia tu na kufunga daftari. Lakini hili nalitoa kwenu, wasomaji wenzangu, maana likibaki ndani litaniozea!

Mama yangu alikuwa na meza ya magazeti karibu na stendi. Tangu baba afariki, meza hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, mimi na mdogo wangu. Magazeti yalikuja na basi la kutoka Arusha. Yakishushwa, mama anayatundika kwenye kamba, na watu wanajaa kusoma vichwa vya habari bila kununua. Aliwaita wasomaji wa shingo.

"Haya, kichwa ni bure, tumbo la habari mnunue!" aliwatania. Wanacheka, na baadhi yao wananunua kweli.

Likizo ilipofika nilikaa mezani ili mama akapalilie mahindi yetu kule Singe. Ndipo akaja Deo, mtoto wa jirani yetu. Kijana mtanashati, kamaliza chuo, kazi hana.

Mezani kwetu, mtu unayemwamini anaweza kusoma na kurudisha, ili mradi asikunje wala kuchafua, kwa sababu magazeti yasiyouzwa yanarudi kwa wakala. Deo aliomba hivyo, nikamruhusu. Kisha akatoa simu. Akasema anapiga picha kurasa akafanye mazoezi ya kusoma habari, anatafuta kazi ya utangazaji redioni.

Upepo ukawa unapeperusha kurasa. "Nishikie hapo, mrembo," akaniambia.

Mrembo! Nani aliwahi kuniita hivyo? Nikashika... Kila siku nikawa namshikia, ukurasa baada ya ukurasa, moyo unanidunda, macho nimeyatupa chini.

Wateja wakaanza kupungua. Kwanza wa maofisini, halafu wenye maduka. Mama alidhani watu hawana hela. Mpaka siku moja Mwalimu Gwandu, mzee mstaafu aliyenunua gazeti hata mvua ikinyesha, akapita bila kusimama.

"Shikamoo Mwalimu! Leo umetususa?" mama akamwita.

"Marahaba, Mama Paskalina. Nimeshasoma, mbona yote yapo humu?"

Akatuonyesha simu. Lilikuwa kundi la WhatsApp, na mwenye kundi ni Deo! Alijitangaza kuwa wakala wa magazeti ya kisasa, na watu walimlipa kila mwezi. Kurasa zote za siku ile zilikuwamo. Na pembeni ya kila ukurasa kulikuwa na kidole gumba chenye kovu la mafuta ya maandazi...

Mama hakuwa na miwani, hakukiona. Mimi nilikiona. Kilikuwa changu!

Mnadhani nililia? Sikulia. Nilitaka Deo aumie, tena mbele za watu.

Asubuhi iliyofuata nilichukua kalamu. Kwenye ukurasa wa matangazo ya zabuni nikaandika kwa maandishi madogo, nadhifu kama yaliyochapwa: DEO ANAIBA MAGAZETI YA MJANE. KIDOLE HIKI NI CHA BINTI ALIYEMLAGHAI. Nilijua hataona, maana hakuwahi kusoma hata sentensi moja. Yeye ni kupiga na kufunua, kupiga na kufunua.

Akaja. "Mambo, mrembo?" Nikajibu poa, nikamshikia, nikatabasamu. Akapiga, akatuma!

Hadi mchana stendi nzima ilikuwa na habari. Madereva wa bodaboda walimzomea, "Kidole! Leo umeiba lipi?" Jina likamganda. Wanakundi wakamsakama mpaka akajitoa kwenye kundi lake mwenyewe. Akawa anapitia njia za nyuma, kajifunika kofia. Oh, nilifurahi jamani! Nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya kidato cha pili.

Nikasubiri wateja warudi... Nani alirudi?

Kundi halikufa, mwingine alilishika. Kumbe hata siku ile ile kuna mkandarasi alikuwa ameshalalamika humo: "Huyo binti asiandike juu ya zabuni, sijaona tarehe ya mwisho." Ni hilo tu lililomuuma! Baadaye wenye magazeti wenyewe wakaanza kuyauza kwenye simu, yanafika kabla basi halijatoka Arusha.

Naye Mwalimu Gwandu alimsomea mama yale maandishi. Mama akanishika mkono, akakigeuza kidole changu taratibu. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unashika?" Basi. Afadhali angenipiga...

Wakala wetu akasimamisha mzigo wa magazeti, maana yaliyorudi yalizidi yaliyouzwa.

Mabinti wenzangu, utamu wa jina zuri usiwapofushe. Na ukitendewa ubaya, kabla ya kulipiza, tazama kwanza nini kinazama. Mama aliwajua wasomaji wake wote kwa majina. Nilishindwa nini kumwambia, "Mama, watu wamehamia kwenye simu, tuwafuate"? Akili yangu yote niliimaliza kwa Deo!

Juzi alimtuma mama yake aje kumwombea msamaha kwangu. Nimekataa. Tena akipita bado namwita Kidole, mimi mwenye aibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Anaumia, naona. Halafu naingia ndani, namkuta mama anapanga vitunguu vya kuuza mafungu mafungu, na hanitanii tena.