Nilimwombea Mama Achieng, Mabati Nikayaficha

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minane, nina mume na watoto watatu, na ninauza vitambaa hapa Suna, mjini Migori. Wengi wananijua kama mama wa maombi. Wangejua haya ninayoyaandika leo, sijui wangenitazama vipi...

Kwa miaka sita sikukosa ibada ya asubuhi hata siku moja. Saa kumi na moja wanawake wa kanisa letu walikuwa wameshafika sebuleni kwangu. Tunaimba, tunasoma neno, kila mmoja anataja haja yake, tunaomba, kisha tunatawanyika kwenda kutafuta riziki. Mimi ndiye niliyeongoza. Na acha niseme ukweli wote: nilipenda kuongoza. Nilipenda kusikia sauti yangu.

Kati yetu alikuwamo Mama Achieng, mjane wa kutoka Rangwe, upande wa Homa Bay. Alikuwa akifulia watu nguo, hata zangu. Alikaa karibu na mlango, viatu vyake kavishika mkononi asije akachafua zulia langu. Wakati mwingine uchovu ulimzidi akasinzia katikati ya maombi, nami nilipandisha sauti makusudi ashtuke. Wenzangu walicheka chini kwa chini. Nami nilifurahi!

Mvua za mwaka jana zilipoanza, asubuhi moja alitaja haja yake.

"Dada zangu, mabati ya nyumba yangu yameoza," alisema. "Maji yanateremka ukutani, na ukuta wenyewe ni wa udongo. Nikipata matatu tu, hata yaliyotumika, nitaziba."

Tulimwombea. Ee, tulimwombea! Nilimwekea mkono begani, nikalia machozi ya kweli.

Na nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai, kulikuwa na mabati kumi na moja yaliyobaki tulipoezeka. Mapya kabisa. Hayakuwa na kazi yoyote.

Wenzetu walipoondoka, Mama Achieng alibaki. Alikuwa ameyaona alipokuja kuanika nguo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Brenda, yale ya nyuma... siwezi kuazima matatu mpaka mvua iishe?"

"Si yangu, nyamera," nilimjibu. Nilimwita dada yangu kabisa, kwa Kiluo chetu! "Ni ya shemeji yangu. Atakuja kuyachukua."

Nilisema hivyo Biblia ikiwa bado mkononi mwangu. Kwa nini nilidanganya? Sikuyahitaji. Nadhani niliogopa kwamba nikimpa huyu, kesho watakuja wote. Kumwombea ilikuwa rahisi zaidi...

Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake.

Siku nane mfululizo tuliendelea kuomba kwa ajili ya nyumba ile. Siku ya tisa Mama Achieng hakuja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilitazama nafasi yake pale mlangoni nikawaambia wenzangu, "Leo usingizi umemshinda hukohuko kwake." Wakacheka. Tukaimba.

Saa mbili jirani yake akaja dukani mbio. Ukuta ulikuwa umemwangukia alfajiri, alipoinama kuwasha moto. Alikuwa anapika chai anywe kabla ya kuja ibadani.

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Wasomaji wangu, mnadhani niliishia hapo? Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda! Nikasema maombi yetu yamemwokoa mama yule na kifo. Watu wakapiga makofi. Nami nikayapokea yale makofi...

Kesho yake nilikwenda hospitalini na mume wangu, ambaye hakujua lolote. Mume wangu ni mtu mwema, hana maneno mengi. Alimwinamia Mama Achieng akamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi na nyumba. Pale kwangu nina mabati mapya, nimeyaweka tu. Ukitoka hapa ni yako."

Mama Achieng aligeuza uso akanitazama. Hata hakukasirika. Alinitazama tu kama mtu anayemwona mwenzake kwa mara ya kwanza. Laiti angenitukana! Nilitoka nje nikashika ukuta wa wodi.

Baada ya wiki kadhaa ndugu zake walimchukua wakamrudisha Rangwe. Mimi nilibaki na ibada yangu, lakini kila nilipofungua kinywa, maneno yalikataa. Nilimweleza mume wangu kila kitu. Akasema, "Twende tumpelekee yale mabati."

Tulimkuta amekaa kwenye kiti nje ya nyumba ya kaka yake, fimbo kando. Nilipiga magoti. Nilikiri mbele ya mume wangu na wifi yake Mama Achieng.

"Ulipokuwa ukiniombea," aliniambia, "niliamini unalia kweli."

"Nililia kweli, mama."

"Najua. Ndiyo maana sikuelewa."

Mabati aliyakataa. Alisema kaka yake amemhifadhi, akatuonyesha nyumba ya bibi mmoja jirani iliyokuwa inavuja, tuyapeleke huko. Kisha akanishika mkono. "Nimekusamehe, nyamera. Lakini kufua siwezi tena."

Maneno hayo ninalala nayo, ninaamka nayo. Mikono iliyomlisha bado anayo, lakini hawezi kuinama kwenye beseni. Msamaha wake haukumrudishia kazi, wala machozi yangu hayatairudisha. Tunampelekea chakula kila mwezi, na kila mara naona aibu kubisha hodi.

Ibada bado ipo, lakini siiongozi tena. Niliwaambia wanawake wote ukweli, wawili wakaacha kuja kwangu. Siwalaumu.

Ndugu msomaji, nakusihi, usipite njia niliyopita mimi. Amka uombe, ni vizuri. Lakini mwenzako akitaja haja yake mbele yako, usikimbilie kufumba macho. Jiulize kwanza: hiki ninachotaka Mungu ampe, si mimi ninacho? Kama unacho, acha kuomba. Simama, ukamletee!