Sindano na Sufuria ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kupika chai. Maji, maziwa, majani, kisha sukari. Sukari ya nyumba yetu ya Kiplombe haikuwa mchezo: vijiko vikubwa vinne kwa sufuria ya watu watatu, Mama, mimi na kaka yangu Dennis. Mgeni akionja, hukunja uso.

Mama alikuwa na sababu yake. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya nyumba yetu ya Burnt Forest kuchomwa katika ghasia za uchaguzi, tulikaa kambini, pamoja na wengine waliofukuzwa makwao, miezi minane. Huko tulikunywa chai ya rangi isiyo na sukari, siku nenda siku rudi. Siku tuliyotoka, Mama aliapa kwamba chai ya namna ile haitapikwa tena nyumbani kwake.

Huku Kiplombe hakuwa na shamba. Alishona nguo, akikaa kwenye cherehani kutwa, na mwili ukaongezeka. Nilipokuwa darasa la saba alipimwa, akaambiwa sukari ya damu imekaribia kiwango cha kisukari. Mama aliogopa sana, maana nyanya yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo.

"Mimi mguu wangu sitoi," alisema.

Ndipo tukaanza kwenda kwa Daktari Nanzala, aliyetibu kwa sindano nyembamba kama unywele. Alimdunga tumboni na miguuni, kisha akambandika mbegu ndogo sikioni kwa plasta, awe akiibonyeza kabla ya kula ili hamu ya chakula ipungue.

"Lakini hizi ni za kusaidia tu," Daktari alisema. "Kutembea na kula vizuri ndiyo kazi yenyewe. Sukari kwenye chai mmeacha?"

Mama alinitazama. Macho yale niliyajua.

"Tumeacha, Daktari," nilisema haraka.

Kwa miezi mitatu Mama alienda kliniki kwa miguu kila Jumamosi, mvua inyeshe, jua liwake. Alibonyeza sikio mpaka likawa jekundu, majirani wakamcheka, naye hakujali. Mimi niliendelea kutia vijiko vinne.

"Weka tu," Mama aliniambia. "Sindano zitamaliza hiyo."

Siku ya kupimwa tena, sukari ilikuwa imepanda. Daktari Nanzala alivua miwani.

"Mama Joyline, naona sindano hazikusaidii. Tuziache. Jumatatu urudi kwa daktari aliyekupima, aone kama utaanza dawa."

Mama alilia mbele yetu. "Nimetembea miezi mitatu! Kwani huu mwili wangu uko na shida gani?"

Nilishindwa kuvumilia. "Daktari, nilikudanganya. Natia vijiko vinne. Asubuhi na jioni."

Mama aligeuka, nami nikangoja kofi. Badala yake aliinamisha kichwa. "Usimlaumu mtoto, Daktari. Ni mimi nilimfunza. Nikionja chai haina sukari, narudi camp. Naona moshi."

Daktari alimshika mkono. "Pole, mama. Moshi huo siwezi kuutoa kwa sindano. Lakini mguu bado ni wako." Kisha akanigeukia. "Joyline, daktari hutibu kile anachoambiwa. Ukimdanganya, anamtibu mtu mwingine, na mgonjwa wako anabaki na ugonjwa wake."

Daktari wa Jumatatu alisema dawa zingoje kwanza, na kwa kuwa sasa ukweli ulijulikana, Daktari Nanzala akaendelea na sindano. Miezi mitatu iliyofuata sukari ilishuka, na kilo sita zikapungua. Nilimuuliza Daktari kama ni sindano, kutembea au chai. Alicheka, akasema hawezi kuapa, ila kura yake anaipa sufuria.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile Jumapili baada ya kuungama kwangu. Nilipika chai bila sukari, nikammiminia Mama. Alikishika kikombe kwa muda mrefu, kisha akanywa yote bila kupumzika. Nilimwona akifuta machozi.

"Joyline, usinidanganyie tena, hata nikikutazama namna gani," alisema. "Uongo wetu ulikuwa unautafuta mguu wangu."

"Sitarudia, Mama. Chai ni mbaya?"

"Mbaya sana. Lakini ile ya camp nililazimishwa. Hii nimeichagua mwenyewe." Akanisogezea kikombe. "Niongezee."