Nani Aliyeendesha Kikaango?

Kosa liligunduliwa Jumamosi, saa mbili kasoro asubuhi, na aliyeligundua ni mwenye mali mwenyewe. Mzee alifungua banda, akaingia kwenye gari lake, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena. Mara ya tatu haikukohoa hata kidogo.

Gari lile mtaa mzima uliliita Kikaango. Lilikuwa la dizeli, lakini Mzee aliliendesha kwa mafuta ya kupikia, yale yaliyokwisha kukaanga chipsi, akiyachuja kwa kitambaa mpaka yang'ae. Likipita, watu walishikwa na njaa. Mzee, dereva wa malori mstaafu, alilipenda kuliko meno yake, ingawa meno yenyewe yalikuwa ya kununua.

Na siku hiyo haikuwa ya kugoma. Saa sita mchana binti yake mdogo alikuwa anatoka hospitali na mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa Mzee, kuja kupumzika hapo nyumbani wiki kadhaa. Mzee alikuwa amekataa katakata kwenda wodini. Alisema atamwona mjukuu siku atakapompakia kwenye Kikaango, si kabla.

"Limehujumiwa," alitangaza uani, mbele ya watu wote wa nyumba. "Na aliyehujumu namjua."

Akamnyooshea kidole mkwe wake, baba wa mtoto, mpimaji ardhi mpole aliyekuwa amesimama na begi la nguo za mtoto mkononi. Juzi mezani kijana huyo alisema, na kila mtu alisikia, kwamba mwanawe hatapanda gari linalonuka jiko.

"Baba, niliongea tu," mkwe alisema. "Gari sikuligusa."

"Mdogo wangu," alianza Shangazi, dada mkubwa wa Mzee, kutoka mlangoni, "kuhusu hilo gari..."

"Dada, subiri kwanza." Mzee hakumtazama hata. "Mtoto atakuja hapa. Wewe kijana utabaki kwako. Na aliyefanya hivi, awe nani awaye, naapa hatakaa tena pembeni yangu ndani ya gari hili."

Shangazi akarudi ndani. Mkwe akabaki na begi lake, machozi yakimlengalenga.

Ndipo binti mkubwa alipoweka kikombe cha chai chini. Kazini ni mpelelezi wa polisi, na nyumbani wanamwita Inspekta, nusu kwa utani na nusu kwa woga. Alikuwa amefika jana jioni kwa likizo. Alimfikiria mdogo wake akishuka na kichanga mikononi, akikuta mumewe kafukuzwa, na hilo halikumwingia akilini.

"Nipe mpaka saa tano, Baba," alisema. "Nikishindwa, fukuza umtakaye. Hata mimi."

Alianzia bandani. Kufuli ilikuwa nzima. Ufunguo wa banda na wa gari hukaa kwenye msumari jikoni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hupita, na hata jirani yao dobi huingia kuazima kiberiti. Kwa hiyo aliyeligusa gari hakuhitaji kuvunja chochote.

"Nieleze linavyofanya kazi," alimwambia baba yake. "Polepole, kana kwamba mimi ni mjinga."

Mzee hakuhitaji kubembelezwa. "Lina matangi mawili. Dogo la dizeli, kubwa la mafuta ya kupikia. Unawasha kwa dizeli. Injini ikishapata moto, pale kituo cha mabasi, unabonyeza swichi hii, linahamia kwenye mafuta. Wakati wa kurudi, ukifika kona ya tangi la maji, unairudisha kwenye dizeli huku gari linatembea, ili mafuta yaliyobaki kwenye mabomba yaungue yaishe. Ukizima yakiwa bado yamo, yakipoa usiku yanakuwa mazito, na asubuhi huwashi ng'o."

"Na wewe uliirudisha?"

"Jana sikutoka. Juzi niliirudisha. Mimi naweza kusahau jina langu, si swichi hiyo."

Inspekta aliinama kutazama. Swichi ilikuwa upande wa dizeli, mahali pake pa kulala. "Basi fungua bomba, lile linaloingia kwenye injini."

Mzee alichukua spana. Kilichodondoka kwenye kidole cha binti yake kilikuwa cha njano, kizito, kisicho na haraka. Alikinusa. Chipsi tupu.

"Swichi inasema dizeli na bomba linasema mafuta," alisema. "Mmoja wao anadanganya."

Mzee alikuna kichwa.

Dobi alikuwa upande wa pili wa ukuta, akianika mashuka meupe. Kila mtu alijua ugomvi wake na Kikaango: wateja wake walikuwa wakilalamika kwamba wanalala wakiota chakula.

"Sijaligusa hilo gari," alisema kabla hajaulizwa. "Ningetaka kuliua ningeliua mwaka jana."

"Jana lilikusumbua?"

"Sana. Baada ya chakula cha mchana nilisikia harufu, ikabidi nianue mashuka yote mbio mbio. Nikasema moyoni, leo Mzee kakosa usingizi wake."

"Una hakika ni jana?"

"Mwanangu, mashuka thelathini ya nyumba ya wageni. Naweza kusahau?"

Inspekta alishukuru. Baba yake baada ya chakula cha mchana hulala usingizi wa pono, na hata likipita gwaride chini ya kitanda hasikii. Kwa hiyo Kikaango kilitoka wakati mwenyewe anakoroma, kikaenda mahali, kikarudi bandani kimya kimya. Hii haikuwa hujuma. Mtu anayetaka gari lisiwake anachomoa waya na kwenda zake. Hapotezi mchana kulitembeza mjini.

Alimkuta mkwe amekaa kwenye ngazi, ameshika tama.

"Shemeji, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwenu mnapima ardhi kwa mafuta ya kupikia?" Aliuonyesha mkono wa shati lake, wenye doa la njano.

Mkwe alitazama doa, akatazama chini. "Usimwambie Mzee. Nilitoka kidogo nikaenda kwa muuza chipsi. Nilimwomba mafuta yaliyokaanga mara moja tu, masafi, nikayachuja mwenyewe. Yamo kwenye dumu, nyuma ya pikipiki yangu. Mke wangu kasema mtoto atapanda Kikaango nipende nisipende, nikaona basi, angalau kisinuke sana."

Inspekta alimpigia simu muuza chipsi, naye akathibitisha, akaongeza kwamba kijana alikaa pale hadi alasiri akichuja tone kwa tone, akiwazibia wateja njia.

"Umewahi kuliendesha gari la Mzee?"

"Mara mbili. Kabla hajanipa ufunguo alinikaririsha. Dizeli kuwasha, mafuta njiani, dizeli kabla ya kuzima. Nilikariri mpaka nikaota."

Inspekta alicheka, mara ya kwanza tangu aamke. Kijana wa watu alikuwa salama, ila Inspekta bado alihitaji kumpata aliyeliendesha.

Jikoni alimkuta Shangazi, fundi cherehani, mjane, mwanamke aliyemlea Mzee tangu walipofiwa na wazazi. Alikuwa anashona kofia ya mtoto.

"Shangazi, wewe kila asubuhi unapanda Kikaango, sivyo?"

"Mpaka dukani kwangu tu. Ananishusha, anaendelea na shughuli zake. Jioni narudi kwa miguu na wenzangu. Safari nyingine sitaki, ile harufu hunichafua tumbo."

"Na jana?"

"Jana kichwa kiliniuma, sikwenda dukani." Aliigeuza kofia ile, akaipima kwa vidole. "Hii naipanua kidogo. Kwa nywele zile, ndogo itambana."

Inspekta alimimina maji, akanywa taratibu hadi mwisho. Kisha akaenda kuwaita wote bandani. Ilikuwa saa nne na nusu.

Walisimama kulizunguka gari: Mzee na spana yake, mkwe na begi lake, dobi aliyejialika mwenyewe, na Shangazi nyuma kabisa.

"Jana mchana mtu aliendesha Kikaango," Inspekta alianza. "Aliwasha kwa dizeli. Alijua kwamba kituo cha mabasi ndipo pa kuhamia kwenye mafuta. Lakini aliporudi alizima injini kwanza, halafu akairudisha swichi, ili kila kitu kikae kama alivyokikuta. Ndiyo maana swichi ilisema dizeli na mabomba yamejaa mafuta. Huyu mtu anaijua nusu ya kwanza ya safari, ya pili haijui. Shemeji anaijua yote, kaikariri. Dobi haijui hata moja."

"Nashukuru Mungu," alisema dobi.

"Ni nani anayepanda gari hili kila siku, akashuka njiani, asiione kamwe kona ya tangi la maji?"

Mzee aligeuka, akamtafuta dada yake kwa macho.

"Tena, picha zote tulizotumiwa mtoto amevaa kofia mpaka kwenye nyusi," Inspekta aliendelea kwa upole. "Ukiacha baba yake, ni nani kati yetu aliyemwona nywele?"

Kisha Shangazi akasogea mbele, akatoa kopo lake la vifungo mfukoni mwa gauni. Chini ya vifungo palikuwa na leseni ya udereva, mpya, bado inanukia plastiki.

"Ni nyingi," alisema. "Nyeusi, laini, zimemfunika masikio. Ukiacha baba yake, nimemwona kabla yenu nyote, na sijutii."

"Dada," Mzee alisema. "Wewe?"

"Nilikuomba unifundishe, ukacheka kutoka hapa mpaka dukani. Kila siku unanishusha kama kifurushi. Basi nikajifunza mwenyewe, saa za chakula, shule ya udereva iko jirani na duka langu. Nilitaka siku moja nifike mahali kwa mikono yangu. Nikaona nianzie kwa mtoto." "Nilidhani litawaka tu. Asubuhi nilitaka kusema, ukanikata, na ulipoapa nikaishiwa nguvu. Mkwe, nisamehe. Nisingekuacha ufukuzwe."

Mkwe alimshika mkono, akatikisa kichwa, akashindwa kujizuia kucheka. "Masikio yote mawili, Shangazi?"

"Yote mawili."

Mzee aliweka spana chini. Alimwendea mkwe wake, akamshika bega. "Kijana, nimekukosea mbele za watu, naomba radhi mbele zao."

"Yameisha, Baba. Nina dumu la mafuta masafi nje, kama unahitaji."

Mzee alitazama doa la shati la kijana, akaelewa, akajikohoza kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Halafu akaagiza maji ya moto. Walifunga mabomba kwa matambara ya moto, wakayakamua mafuta, wakavuta dizeli kwa pampu ya mkono. Saa tano na robo Kikaango kiliwaka, na dobi akakimbilia mashuka yake.

Mzee alikuwa tayari ameshika mlango wa dereva aliposimama. Dada yake alikuwa amerudi nyuma, kopo la vifungo mkononi.

"Nenda nao, mdogo wangu. Uliapa. Mimi nitawasubiri hapa."

"Niliapa," Mzee alikubali. "Nilisema aliyefanya hivi hatakaa tena pembeni yangu. Na mimi sivunji kiapo." Akauchukua mkono wa dada yake, akaweka ufunguo kiganjani. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayekaa pembeni yako."

Wakati wa kurudi mtoto alilala nyuma, kati ya baba na mama yake, kofia imemvuka na nywele zimetimka. Inspekta alifuata kwa pikipiki ya shemeji, akila harufu ya chipsi njia nzima. Mzee alikuwa amemtazama mjukuu mpaka shingo ikamuuma, lakini walipokaribia kona ya tangi la maji aligeuka mbele. Alifumbata mikono yake magotini na kujilazimisha kunyamaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Mkono wa Shangazi ulienda kwenye swichi wenyewe, ukairudisha kwenye dizeli.